Jino la Imbwa Nyuma ya Kikwembe

Jumapili asubuhi, kabla jua halijawa kali, mimi huketi kwenye kiti cha plastiki mbele ya depo yangu ya bidhaa hapa mtaa wa Kasuku, mjini Kindu, imbwa wangu katikati ya magoti, mswaki mkononi. Mswaki wa watoto, ule laini. Pembeni kuna bakuli la maji yaliyochemshwa na kupoa. Ninainua mdomo wa imbwa upande mmoja, nasugua magego taratibu, nahamia upande wa pili. Vijana wa pikipiki wanaongoja abiria pale kona wanakufa kwa kicheko.

"Papa! Huyu njo bwana arusi wa leo?"

"Anapeleka mahari," mwingine anadakia. "Mwambie acheke tuone!"

Siwajibu. Muntu aliyeanza na mfuko wa chumvi kichwani, na leo ana depo na mtumbwi wa mota kwenye mto Lualaba, hawezi kujibu kila mdomo unaofunguka. Shule niliiacha darasa la nne, na hilo la nne lenyewe sikulimaliza. Waliomaliza njo wanakuja kwangu kuomba kazi.

Lakini kwa wenye akili nitasema. Kinywa cha imbwa ni kitu cha kuangaliwa. Ukiona ufizi umekuwa mwekundu kama pilipili, au jino limevaa ile ngozi ya kahawia, au pumzi yake inanuka kama soko la samaki saa ya kufunga, usingoje. Imbwa hajui kukuambia "naumwa." Atakula kidogo, ataacha, na wewe utasema ameshiba. Dawa ya meno ya watu usimpe, maana hajui kutema; munganga wa wanyama alinieleza kwamba anaimeza yote na inamdhuru. Mifupa mikavu na migumu usimpe, inapasua meno. Hayo aliniambia munganga. Lakini lile la kwanza kabisa, la kufungua kinywa na kutazama ndani, sikufundishwa na munganga yeyote. Hilo nilijifunza wakati wa vita, na nililipa.

Wakati huo Kindu ilikuwa imefungwa. Treni haiji, bato ya mtoni haipandi, barabara zina watu wenye bunduki, na ukienda shambani kuchimba muhogo hujui kama utarudi na muhogo, ao muhogo utarudi bila wewe. Mke wangu alikuwa na mimba ya kwanza. Tukaamua kwenda kwao, upande wa Obokote, ambako mama yake alikuwa na nyumba na shamba pembeni ya pori. Tulitembea kwa miguu, baiskeli ikibeba sufuria na godoro, na mbele yetu akatangulia imbwa.

Huyo imbwa nilimpata Kampene kwa mchimbaji mmoja wa dhahabu, nikampa tairi za baiskeli, yeye akanipa imbwa na kuniona mjinga. Alikuwa mfupi, mwekundu, masikio wima, mkia umejikunja kama kamba ya kufungia mzigo. Imbwa wa namna ile hawabweki, kwa hiyo wanavalishwa kengele ya mbao shingoni ili mwindaji asikie walipo. Jina lake siliandiki. Mchimbaji alikuwa amempa jina la kamanda mmoja, na mimi hata leo sitaki shida.

Kule Obokote wanawinda kwa nyavu. Wanaume wanazisimamisha, imbwa wanaingizwa upande wa pili, wanamfukuza mboloko, yule swala mdogo wa porini, mpaka anajitupa wavuni, na imbwa anamshika kabla hajachomoka. Na sheria yao ni hii: mwenye imbwa ana fungu lake, hata kama siku hiyo yeye amelala nyumbani. Imbwa wako akishika, shingo na mbavu za upande mmoja ni zako.

Mimi sijui kuwinda. Nikiingia porini, hata njia niliyoijia inanikana. Lakini nilikuwa na imbwa! Wanaume walikwenda kuchanwa na miiba, mimi nikabaki kitandani, na nyama ikanifuata. Niliikausha, nikaibadilisha kwa mafuta ya mawese, mafuta kwa sabuni, sabuni kwa chumvi. Katika vita ile, watu wenye diploma walikuwa wanachuma majani wasiyoyajua. Mimi nilikuwa na duka chini ya kitanda. Nani alinifundisha? Hakuna.

Halafu imbwa akaacha kuuma.

Alikimbia vizuri, kengele ikalia vizuri, mboloko akaingia wavuni vizuri. Imbwa akamshika mguu, akamwachia mara moja, kama aliyeshika kaa la moto. Mboloko akachomoka. Siku ile wawindaji walicheka. Uwindaji uliofuata ikawa vilevile, na hawakucheka. Uliofuata tena, mkubwa wa wawindaji alikuja mlangoni kwetu na mkuki begani. Alikuwa mjomba wa mke wangu, ndugu wa mama yake, mzee mwembamba asiyepandisha sauti.

"Mukwe," akasema, "imbwa wako anapiga mbio kama ameitwa kula. Akifika, anabusu nyama."

"Amechoka tu, Mjomba."

"Imbwa anachoka miguu. Meno nayo yanachoka?" Akakaa. "Sisi hapa, imbwa asiyeuma anaingia chungu. Njo sheria. Tutamjaribu mara moja tena. Akiachia, tunampika. Na wewe tutakupa paja, maana hatuna roho mubaya."

Mke wangu, aliyekuwa amesimama mlangoni, akashika tumbo lake kwa mikono miwili. Hakulilia imbwa peke yake. Bila imbwa mimi nilikuwa nani pale? Mwanaume mgeni, anakula kwa wakwe, hajui wavu wala mtego, mke ana mimba. Duka langu lote, na nyama yote ya nyumba ile, vilikuwa vimening'inia kwenye meno ya imbwa mmoja.

Mjomba hakuondoka. Kwao, nyavu zikikosa hawaulizi nyavu, wanauliza nyumba. Kama katika nyumba ya mwenye imbwa kuna ugomvi uliofichwa, ugomvi huo unamfunga imbwa mdomo. Dawa yake ni kukaa chini mbele ya wawindaji wote, kila mtu atoe lililo moyoni, mkosaji alipe, halafu wote wanachukua maji kinywani na kumpulizia imbwa.

Jioni wawindaji wote wakaja kwetu. Imbwa akawekwa katikati, amelala, anatutazama kama hakimu.

"Nani iko na neno?" Mjomba akauliza.

Mimi nilituliza roho. Nyumba yetu haikuwa na kelele hata kidogo. Kumbe ule ukimya wenyewe njo ulikuwa ugomvi.

Ni lazima nieleze. Kwao, mwanaume na mama wa mke wake hawatazamani. Hawali pamoja, hawapeani kitu mkononi, hawasemeshani. Nikimwona njiani anakuja, naingia majanini, hata kama kuna siafu, na siku moja walikuwapo. Maneno yetu yote yalipita kwa mke wangu, ingawa ukuta kati ya vyumba ulikuwa wa fito na nilimsikia mama mukwe hata akijikuna. Kwa hiyo jioni ile alikaa amenipa mgongo, na alikuwa wa kwanza kuinua mkono.

"Mwanangu," alimwambia mke wangu kwa sauti ya kuvuka mto, "mwambie bwana yako kwamba anakoroma."

Mke wangu akanigeukia. "Mama anasema unakoroma."

"Nimesikia."

"Amesikia, Mama."

"Mwambie pia, tangu afike, kila jioni anawasimulia watu nyumba yake ya Kindu iko na mabati. Mabati, mabati, mabati! Na hapa analala chini ya majani yangu. Yanavuja. Yanavuja juu ya kichwa changu mimi, maana upande usiovuja nilimpa yeye. Ameshapanda kuweka hata jani moja?"

Wawindaji wakaguna. Mke wangu akafungua mdomo kunipelekea maneno, nikamwambia asijisumbue.

"Na mimi niko na langu," akasema yeye mwenyewe. Sikutegemea. "Fungu la nyama linakuja kila mara. Mimi nanusa tu. Jioni linageuka mafuta, asubuhi limegeuka sabuni. Huyu mtoto wa tumboni atazaliwa anatoa povu!"

Walicheka mpaka mmoja akaangusha kiko. Hata Mjomba aliangalia chini.

"Mimi ni muntu wa biashara," nikasema. "Nyama inakwisha, biashara inazaa."

"Ulipe," Mjomba akasema.

"Sina kitu."

"Basi uahidi."

Nikasimama. Na mimi nikisimama mbele ya watu siwezi kutoa neno dogo, Mungu hakuniumba hivyo. Nikasema mke wangu atakula fungu zima mpaka ajifungue. Wakapiga makofi. Makofi yakaniingia kichwani. Nikasema vita ikiisha nitamjengea mama mukwe nyumba ya mabati. Vyumba vinne! Na baraza! Wakapiga makofi zaidi.

Mama mukwe hakupiga. "Mwambie nimesikia," akasema kwa mgongo wake. "Na hawa wote wamesikia."

Tukachukua maji, tukampulizia imbwa. Akajikung'uta, akatulowesha sisi wote, akaenda kulala kwenye majivu. Mjomba akasema uwindaji ni keshokutwa.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa bado nimelala niliposikia sauti upande wa pili wa ukuta.

"Mwanangu, mwambie bwana yako imbwa anatafunia upande mmoja."

"Mama anasema..."

"Mwambie Mama imbwa ameshabarikiwa," nikajibu.

"Mwambie baraka haijafika gegoni! Kichwa amekilaza kama mimi. Mimi iko na jino bovu miaka yote hii, sijui mwenye jino bovu nikimwona? Bugali laini anakula. Mfupa anaulamba, anaulilia, anauacha."

Nikatoka. Nikamshika imbwa, nikamfungua kinywa, jambo ambalo sikuwahi kulifanya tangu Kampene. Harufu iliyotoka pale, hata nzi walirudi nyuma. Kule mwisho, gego kubwa la juu lilikuwa limepasuka, jeusi, na ufizi umevimba na kutoa usaha. Niliujua mpasuko ule. Mimi ndiye niliyekuwa namtupia mifupa iliyokaushwa juu ya moshi, migumu kama chuma, nikisema namlipa mshahara. Nililigusa jino kwa kidole, likacheza kama kigingi kwenye matope.

Lilitakiwa kutoka, na kutoka siku ileile. Lakini nani atamshika? Mke wangu hapana. Kwao mwenye mimba hashiki kinywa cha mnyama. Wawindaji hapana, nikiwaita, watasema nimedharau baraka yao ya jana, na imbwa atapikwa kabla hata ya kuwinda. Tulibaki mimi na mama mukwe, yaani watu wawili katika Congo nzima wasioruhusiwa kukaribiana.

Mke wangu njo aliyepata njia. Alifunga kamba toka nguzo hadi nguzo, akatundika kikwembe chake, kile kitenge cha kujifunga kiunoni, kama pazia. Mama mukwe akaketi upande wake, imbwa amezungushiwa gunia na kubanwa kwa magoti, kichwa chake kikatokeza upande wangu chini ya kikwembe. Nikaweka kijiti kati ya taya, nikakifunga kwa kamba. Nilikuwa na koleo ya baiskeli, nimeichemsha kwenye maji ya chumvi. Chumvi ya biashara! Nataka ijulikane. Mke wangu akasimama ubavuni mwa pazia kupitisha maneno.

"Mwambie Mama ashike kichwa sana."

"Mama, ushike kichwa sana."

"Mwambie kichwa nimekishika zamani. Yeye anashika nini?"

Nikaingiza koleo. Imbwa akanguruma. "Mwambie asiachie!" nikasema. Mke wangu akageuka, akavuta pumzi, akaanza: "Mama, anasema..." Neno lilipofika, kijiti kilikuwa kimeshavunjika na imbwa alikuwa ameshaingiza meno kwenye mkono wangu. Nikapiga kelele ambayo sitaieleza.

"Amekuuma?" Sauti ilitoka nyuma ya kikwembe moja kwa moja, bila kupita kwa mtu.

"Ameniuma, Mama!"

"Kwa upande gani?"

"Upande muzima!"

"Basi wa pili uko wazi, vuta, mupumbavu!"

Nikavuta. Imbwa akaruka, gunia likafuata, kamba ikakatika, kikwembe kikaanguka, na mimi nikajikuta nimekaa chini, koleo mkononi, jino kwenye koleo. Mbele yangu, uso kwa uso, mama wa mke wangu, kilemba kimeingia jichoni, imbwa bado amebanwa kwapani mwake. Tulitazamana. Alikuwa na sura ya mke wangu kabisa, isipokuwa alionekana kunielewa zaidi. Kisha akaokota kikwembe, akajifunika kichwa chote, akasema jambo chini chini.

"Mama anasema hajakuona," mke wangu akasema.

"Mwambie na mimi sijamwona."

Tukamwosha imbwa kinywa kwa maji ya chumvi, yeye upande wake na mimi upande wangu. Mvua nayo ikatusaidia: ilinyesha mfululizo, nyavu zikalala ndani, Mjomba akaahirisha. Siku zote hizo imbwa alikula ndizi za kupondwa na mchuzi wa samaki, na mama mukwe alimpulizia kila tonge lipoe. Mimi sikupuliziwa kitu, na mkono wangu ulikuwa umevimba.

Mvua ilipokatika, nilikwenda nao porini. Safari yangu ya kwanza. Mjomba alinielekeza nikae kwenye mzizi nisipotee. Nilipokaa nikaona mmoja wao amekuja na sufuria tupu mgongoni na fungu la pilipili. Wawindaji hawa hawabebi sufuria porini. Nikaelewa ni ya nani.

Kengele ikaanza mbali. Ikasogea. Ikazunguka upande wangu, ikapiga haraka haraka, majani yakavunjika, mtu akapiga ukelele kwenye nyavu, na kengele ikanyamaza ghafla. Nikakimbia kuelekea kule, nikaanguka, nikainuka. Nilipofika, imbwa wangu alikuwa amemshika mboloko shingoni, macho amefumba, na wanaume wazima wawili wanamwomba amwachie.

"Hii sasa ni imbwa," Mjomba akasema.

Nilikuwa nimelifunga jino kwenye kitambaa. Nikalitoa. "Mjomba, haukuwa ugomvi. Ilikuwa hili."

Akalichukua. Akaligeuza, akalinusa, akalirudisha mbali na pua. Akawaita wenzake wote walione.

"Mnaona?" akawaambia. "Ugomvi wa nyumba ile ulikuwa mukubwa mpaka ukaoza."

Wote wakatikisa vichwa. Nilijaribu kueleza mifupa, mpasuko, usaha, wakanipigapiga begani. Lakini toka siku ile, niliona kwa macho yangu, kabla ya kufunga kengele walifungua kwanza vinywa vya imbwa wote na kutazama. Wakikuta jino bovu, waliling'oa, halafu wakaenda kuuliza mwenye imbwa amegombana na nani.

Nilipofika nyumbani na fungu langu nikaona hapa pana nafasi ya muntu mwenye akili. Nikamwambia mke wangu, kwa sauti ya kutosha, "Mwambie Mama kwamba imbwa alikuwa na jino tu. Mapatano yale hayakufanya kazi yoyote. Kwa hiyo, kwa haki, ile ahadi ya mabati..."

Ukuta wa fito ukajibu kabla mke wangu hajageuka.

"Mwulize, leo imbwa ameuma ao hajauma?"

"Ameuma," nikasema.

"Basi mabati."

Mtoto wetu alizaliwa kulekule, mnene, bila povu. Vita ilipotulia tukarudi Kindu. Imbwa tulirudi naye, ingawa Mjomba alikuja kuagana nami na kusema kwa heshima kwamba kama ni lazima mmoja abaki, wao wangependa abaki imbwa, mimi niende salama. Imbwa huyo aliishi nasi mpaka akaota mvi za mdomo, na kila juma nilimfungua kinywa. Alikufa na meno yake yaliyobaki yote.

Na nyumba nilijenga. Nani alidhani sitajenga? Mabati yalisafirishwa kwa pikipiki, yamekunjwa, njia mbaya, madaraja ya miti. Vyumba vinne na baraza. Mabati mazito, si yale ya kupeperuka. Hata Mjomba hakuwahi kuwa na nyumba kama ile, na nilimwambia hivyo mara nyingi. Mama mukwe bado yuko hai, na nikienda kumsalimia, mimi nakaa nyuma ya kona ya baraza, yeye mbele, heshima kama kawaida. Wageni wakipita wanasimama kuitazama nyumba. Mimi pale nyuma ya kona najiweka sawa, nafunga kifungo cha juu cha shati.

"Mama," wanamwuliza, "nyumba nzuri hivi, nani alikujengea?"

"Imbwa," anasema.